Cheche ya Motakaa ya Kale katika Barabara ya Mlandizi

Motakaa itumiayo petroli huishi kwa cheche. Tangi laweza kujaa, betri yaweza kuwa mpya na dereva aweza kuwa hodari wa kazi yake. Walakini cheche isiporuka ndani ya silinda kwa wakati wake, chombo chote ni chuma kilichosimama njiani. Jambo hili limejulikana kwa zaidi ya miaka mia moja katika barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, na mahali pazuri pa kulitazama ni Mlandizi.

Mlandizi ni mji wa njia. Uko Kibaha, kilomita zipatazo 60 kutoka Dar es Salaam. Upande wa kaskazini hutoka njia ya Makofia, iendayo Bagamoyo. Upande wa kusini hutoka njia ya Mzenga na Maneromango, iingiayo Kisarawe. Na mbele yake, magharibi, barabara kuu hushuka katika bonde la mto Ruvu. Kwa hiyo hukutana hapo vumbi la njia za udongo, maji ya bonde, unyevu wa pwani na joto la mwendo mrefu. Kila kimoja katika vitu hivyo vinne ni adui wa cheche kwa namna yake.

Mwenye kutunza gari la kale, liwe Land Rover ya miaka ya 1960, Peugeot 404 au Volkswagen ndogo yenye injini nyuma, hukabiliwa na maswali mawili: atie plagi gani, na je, aondoe pointi za zamani aweke mtambo wa elektroniki? Wauzaji huyajibu maswali hayo kwa kusifu ukubwa wa cheche, maana ukubwa ni sifa iuzikayo kwa wepesi. Historia ya barabara hii huyajibu kwa njia nyingine. Tangu mwanzo, magari yaliyokwama katika nchi hii hayakukwama kwa udogo wa cheche. Yalikwama kwa kuwa cheche ilipokufa hapakuwa na kitu karibu cha kuifufulia.

Safari mashuhuri ya kwanza ni ushahidi wa kutosha. Tarehe 10 Agosti 1907, afisa wa Kijerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motakaa iliyoundwa Gaggenau, Ujerumani, akikusudia kulikata bara la Afrika toka bahari hadi bahari. Reli ilikuwa haijafika Morogoro bado. Alifika Swakopmund, katika pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Siku 630 zilikuwa zimepita, na sehemu kubwa ya siku hizo haikuliwa na mwendo. Ililiwa na kungoja vipuri na kungoja petroli. Mtu aliyekuwa na chombo kipya kabisa cha zama zake alizuiliwa na umbali uliokuwapo baina yake na ghala ya vipuri. Umbali huo umepungua sana tangu siku zile, ila haujapata kwisha.

Zama za Graetz ndizo zama ambazo cheche ya umeme ilipata umbo tunalolitambua leo. Étienne Lenoir alikuwa amekwisha kuwasha injini yake kwa cheche huko Paris mwaka 1860. Lakini cheche ya kutegemewa katika injini ya mwendo wa kasi ilipatikana mwaka 1902, pale Gottlob Honold, mhandisi wa karakana ya Robert Bosch mjini Stuttgart, alipotengeneza magneto ya msukumo mkubwa pamoja na plagi yake. Magneto ilizaa umeme kwa kuzungushwa na injini yenyewe, bila betri. Huo ulikuwa wema mkubwa katika nchi isiyokuwa na mahali pa kujazia betri.

Ford ya aina ya T, iliyotengenezwa tangu 1908 hata 1927, ilifuata njia hiyo kwa mtindo wake: magneto katika gurudumu la injini, na koili nne ndani ya kisanduku cha mti, koili moja kwa kila silinda. Magari mepesi ya Ford yaliingia kwa wingi Afrika ya Mashariki pamoja na majeshi ya Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na Dar es Salaam ilipotekwa Septemba 1916 yalikuwa yamekwisha kuwa chombo cha kawaida cha jeshi. Kasoro ya mtambo wake yafaa kukumbukwa na kila akaaye pwani. Mti wa kisanduku hunywa unyevu. Mti uliokwisha kunywa hupitisha umeme kidogo kidogo. Na cheche iliyopaswa kufika kwenye plagi hupotelea ndani ya ubao. Dawa yake ilikuwa kukausha kisanduku juani au karibu na jiko. Dawa ya namna hiyo haihitaji duka.

Mtambo uliotawala baadaye, na ambao hata leo umo katika magari mengi ya kale, ni wa Charles Kettering, Mmarekani, ulioingia katika Cadillac kuanzia modeli za mwaka 1910. Ufundi wake ni rahisi kuuelewa. Pointi mbili ndogo za chuma hugusana ndani ya distribyuta, na umeme wa betri hupita katika waya mnene wa koili. Pointi zinapoachanishwa na mhimili unaozunguka, umeme ule hukatika ghafla, na kwa kukatika kwake huzaliwa katika waya mwembamba wa koili, wenye mizunguko maelfu, msukumo wa volti 15,000 au zaidi. Rota huupeleka kwa silinda yenye zamu. Kondensa huzuia pointi zisiungue. Hayo ndiyo yote. Katika injini ya silinda nne izungukayo mara 3,000 kwa dakika, pointi hizo hufunguka na kufumba mara 100 kila sekunde. Gari litokalo Dar es Salaam kwenda Morogoro kwa mwendo wa kiasi hudai kutoka kwa kila plagi cheche zikaribiazo robo milioni.

Kazi hiyo hutegemea mwanya mdogo mno. Land Rover ya injini ya petroli ya lita mbili na robo huhitaji mwanya wa milimita 0.35 hadi 0.40 baina ya pointi, na karibu milimita 0.75 hadi 0.80 katika plagi. Fundi asiye na geji aweza kukadiria mwanya wa pointi kwa karatasi nne za daftari zilizobanwa pamoja. Pointi zikiingia kutu au kuungua, husuguliwa kwa msasa, na msasa usipopatikana, kwa ubavu wa kibiriti. Wasomi waweza kucheka kuona kipimo cha kiwandani kikitafsiriwa kwa daftari na kibiriti. Lakini gari huondoka.

Chini ya utawala wa Waingereza, motakaa za Tanganyika zilikuwa kwa sehemu kubwa za Kiingereza, na umeme wao ulikuwa wa Lucas wa Birmingham. Plagi zilikuwa za Champion, za Lodge kutoka Rugby, au za KLG. Biashara ilifuata bendera, na kila gari lilikuja na ukoo wake wa vipuri. Baadaye zikaingia Volkswagen na plagi za Bosch, na Peugeot na plagi za Marchal. Na mwisho magari ya Kijapani yakaja na plagi za NGK, kampuni iliyoanzishwa Nagoya mwaka 1936. Katika rafu moja ya duka la vipuri, mtu hupata historia ya ushuru, ya makoloni na ya meli, iliyofungwa katika visanduku vidogo vya karatasi.

Visanduku hivyo vina mtego ambao umekwisha kuharibu injini nyingi. Kila plagi ina tabia ya joto. Ncha ya kauri yake yapaswa kupata moto wa karibu nyuzi 450 za sentigredi ili ichome masizi yanayoiganda. Isizidi nyuzi 870 hivi, maana hapo huwa kaa la moto na kuwasha petroli kabla ya wakati. Plagi ya moto huhifadhi joto, nayo hufaa injini iendayo pole pole. Plagi ya baridi hulitoa joto upesi, nayo hufaa injini ya kazi nzito. Tabia hiyo huandikwa kwa tarakimu, na watengenezaji hawakukubaliana juu ya maana ya tarakimu. Kwa NGK, namba inapopanda plagi ni ya baridi zaidi: BP6ES ni ya baridi kuliko BP5ES. Kwa Champion, namba inapopanda plagi ni ya moto zaidi. Bosch walifanya la ajabu kuliko wote. Katika hesabu yao ya zamani, W 225 ilikuwa ya baridi kuliko W 145. Kisha wakaigeuza hesabu, hata ile iliyokuwa W 145 ikawa 8, na ile iliyokuwa W 225 ikawa 5. Mwenye Volkswagen ya kale aliyezoea kanuni moja, akanunua kisanduku cha kanuni nyingine, alipata kinyume cha alichotaka, na hakuna mtu aliyemdanganya. Kosa la namna hii halitokani na ujinga wa fundi. Ni kosa la watu waliobadili lugha bila kuwapa habari waliokuwa wakiisema.

Urefu wa uzi nao ni jambo la kuangaliwa. Land Rover iliyotajwa hutumia plagi yenye uzi wa milimita 19. Volkswagen ile hutumia yenye milimita 12.7, na unene wa zote mbili ni mmoja, milimita 14. Kwa hiyo plagi ndefu huingia kwa amani katika tundu lisilo lake, na pistoni ikipanda huikuta.

Yafaa sasa kusema habari za risasi, maana ndiyo iliyotawala maisha ya plagi kwa miaka themanini. Tarehe 9 Desemba 1921, Thomas Midgley, aliyekuwa akifanya kazi chini ya Kettering yule yule, aligundua kwamba petroli ikitiwa mchanganyiko wa risasi huacha kugonga ndani ya injini. Ikaanza kuuzwa mwaka 1923. Risasi iliruhusu injini zenye mbano mkubwa, na iliilinda mikalio ya vali. Lakini iliacha ukoko wa manjano juu ya kauri ya plagi. Ukoko huo una hila. Ukiwa wa baridi hauleti taabu. Injini inapolemewa na joto likapanda, huyeyuka na kupitisha umeme, na cheche hukimbilia humo badala ya kuruka mwanya. Ndiyo maana gari liliweza kunguruma vizuri likiwa limesimama gerejini, kisha likakohoa na kushindwa katika kilima, limejaa abiria. Ni jambo la kutafakari kwamba ofisi moja ya Marekani iliupa ulimwengu mtambo wa cheche, na baada ya miaka michache ikaupa pia sumu ya kuichafua; sumu ambayo haikuishia katika plagi, bali iliingia damuni mwa watoto waliokaa kando ya barabara.

Mkutano wa Dakar wa Juni 2001 uliazimia kuiondoa petroli hiyo katika Afrika kusini mwa Sahara, na ilipofika Januari 2006 ilikuwa imekwisha kuachwa. Nchi ya mwisho ulimwenguni kuiacha ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Kwa gari la kale mabadiliko hayo yalikuwa na pande mbili: mikalio ya vali ilipoteza mlinzi wake, na plagi zilipata raha ambazo hazikupata kuzijua. Wazee wa kazi walipaswa pia kujifunza upya kusoma rangi. Plagi njema ya petroli ya risasi ilikuwa ya kahawia au kijivu. Plagi njema ya petroli ya sasa ni nyeupe zaidi, na fundi asiyejua hayo huweza kudhani injini inaungua ilhali iko salama.

Katika miaka ile ya risasi na vumbi kulikuwa na mtihani mmoja wa hadharani uliowafundisha watu magari gani yanafaa. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 iliyashinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili za katikati usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, mkaaji wa Dar es Salaam, akiwa pamoja na Chris Rothwell. Ushindi huo uliuza magari kuliko tangazo lolote, na 404 ikawa gari la heshima la maofisa, la wafanyabiashara na la teksi za masafa marefu.

Lakini plagi za 404 zimezikwa katikati ya kichwa cha injini, na hufikiwa kwa mashimo marefu. Katika mashimo hayo hutuama maji ya kuoshea injini, mafuta yavujayo, na mchanga. Mtu mwenye haraka hufungua plagi bila kupuliza shimo kwanza, na mchanga wote ukaangukia silinda. Hasara yake huonekana baada ya wiki kadhaa, kwa moshi wa buluu, na kwa kawaida husingiziwa pistoni.

Adui mwingine ni maji ya Ruvu. Masika, mto hufurika na mabonde yake hujaa; na katika njia za kwenda Mzenga, vijito visivyo na jina katika ramani huwa na jina katika midomo ya madereva. Land Rover iliyoingia majini kwa haraka hurushiwa maji na feni yake yenyewe, yakalowesha kifuniko cha distribyuta. Umeme wa volti 15,000 hauhitaji mwaliko mkubwa; huona utando wa maji juu ya kifuniko ukaufuata hadi kwenye chuma cha injini. Madereva wenye busara walijifunza kuvua mkanda wa feni kabla ya kuingia majini, kufunga distribyuta kwa mfuko wa nailoni, na kuvisha vichwa vya plagi vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Likizimika hata hivyo, kifuniko hufunguliwa, hufutwa kwa nguo kavu, hufungwa, na safari huendelea. Malori yaliyobeba mafuta ya Zambia kupita barabara hii, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, hayakuwa na shida hii kwa kiasi hicho, maana mengi yao yalikuwa ya dizeli, na dizeli huwaka kwa mbano bila plagi ya cheche. Tangu hapo mizigo mizito ikahamia dizeli moja kwa moja, na petroli ikabaki ya magari madogo.

Kisha ikaja njaa ya vipuri. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Vita ya Uganda ikaingia mwishoni mwa 1978 na kwisha 1979, mwaka ambao mafuta yalipanda tena. Fedha za kigeni zikawa haba, na plagi mpya ikawa kitu cha kutafutwa kwa barua na kwa ndugu. Mwaka 1983 serikali ilipoendesha vita dhidi ya wahujumu uchumi, vipuri vya magari vilikuwa miongoni mwa mali ambazo kuzirundika kulikuwa hatari. Katika miaka hiyo plagi haikutupwa. Ilichomwa motoni kuondoa masizi, ikasuguliwa kwa brashi ya waya, ncha yake ikanyooshwa kwa tupa, mwanya ukarudishwa kwa kugongwa taratibu. Kondensa iliyokufa ilibadilishwa kwa kondensa ya gari la kabila lingine, ikafungwa kwa waya nje ya distribyuta kama mtoto wa kambo, ikafanya kazi.

Wakati huo huo, Kibaha, jeshi lilikuwa na mradi wa Nyumbu, uliokusudia kuunda magari ya Tanzania kwa mikono ya Watanzania. Ni mradi wa kusifiwa kuliko unavyosifiwa. Walakini chuma cha injini chaweza kusubiwa katika karakana ya kiasi; kauri ya plagi ni jambo jingine, kwani huchomwa katika tanuri ya nyuzi zipatazo 1,600. Kila sehemu ya mtambo wa cheche yaweza kurekebishwa chini ya mwembe, ila hiyo moja. Ikipata ufa, imekwisha. Fundi mwaminifu huiangalia kwanza kabla ya kuisafisha, na huikataa plagi yenye ufa hata kama mwenye gari hana nyingine.

Mwaka 1984 milango ilifunguliwa kwa wenye fedha zao za nje kuingiza bidhaa, na baada yake yakaja magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika. Mengi hayakuwa na pointi. Marekani, kwa ajili ya sheria za kupunguza moshi, Chrysler ilikuwa imetia mtambo wa elektroniki katika magari yake yote ya mwaka 1973, na dunia nzima ikafuata. Hapo jambo moja likabadilika kimya kimya katika gereji za barabarani: kijana aliyeingia kazini katika miaka ya 1990 aliweza kufikia umahiri bila ya kupanga pointi hata mara moja. Leo ndiye mzee wa gereji. Mtu akimpelekea Land Rover ya mwaka 1965, humpelekea kitu ambacho mwalimu wake alikijua na yeye hakurithishwa.

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa elektroniki, nayo haisemwi na wauzaji. Sehemu mpya hutiwa ndani ya distribyuta ya zamani, mahali pa pointi: pete yenye sumaku na kitambuzi kidogo. Hakuna kinacholika, hakuna mwanya wa kupanga, na distribyuta ambayo mhimili wake umelegea kwa uzee, hata pointi zake zikawa hazitulii, hupata wakati wa cheche ulio sawa zaidi. Tena pointi na kondensa zinazouzwa siku hizi mara nyingi ni dhaifu kuliko za zamani. Kondensa mpya kufa katika safari yake ya kwanza si habari ya kushangaza. Anayesema kwamba pointi ni bora kwa kuwa ni za asili husema neno la upenzi, na gari haliendeshwi kwa upenzi.

Lakini kuna masharti. Land Rover za kabla ya 1967 hivi ziliungwa betri kinyume, chanya ikiwa kwenye mwili wa gari, na sehemu nyingi za elektroniki zimeundwa kwa hasi. Zikiungwa vibaya hufa kwa nukta moja. Koili nayo yapaswa kuwa na ukinzani unaofaa, kwani ya ohmu moja na nusu ikiwekwa mahali pa ohmu tatu bila kizuizi chake hupata moto na kukiunguza kitambuzi. Ufunguo ukiachwa wazi injini ikiwa imezimwa, huenda ikawa hivyo hivyo. Plagi na waya zake ziwe zenye kizuizi ndani, zile zenye herufi R kwa NGK, maana waya wa shaba mtupu huvurugia elektroniki kama unavyovurugia redio. Zaidi ya hayo yote, pointi hufa pole pole, zikitoa onyo la kukohoa na kupoteza nguvu. Kitambuzi hufa ghafla, wala hakina ubavu wa kusuguliwa kwa kibiriti.

Petroli ya bandia nayo iliingia katika hesabu. Mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo, yalichanganywa katika petroli na dizeli. Yakiwa katika petroli huleta kugonga, masizi na joto baya. Plagi huonekana nyeusi katika mwendo mdogo na kuungua katika mwendo mkubwa, hata fundi akadhani amechagua namba mbaya. EWURA ilianza kuweka alama katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya iondoke. Watu wengi waliobadilisha plagi mara tatu kabla ya hapo walipaswa kubadilisha kituo cha mafuta. Plagi bandia ni ugonjwa wa jirani: kisanduku ni kile kile, maandishi ni yale yale, na kauri huachana na chuma chake katika mwezi wa kwanza.

Basi kwa gari liendalo Mlandizi na Mzenga, kwa gia ndogo, likisimama mara kwa mara, plagi ya namba ileile ya kiwanda yaweza kushika masizi, na kuongeza moto kwa hatua moja kunaruhusiwa. Hatua mbili ni pupa. Gari hilo hilo likipakiwa kwenda Morogoro, lirudishiwe namba yake. Plagi za iridiamu, zenye ncha nyembamba kama sindano, zimeundwa kwa injini zinazopimiwa petroli na kompyuta. Katika kabureta iliyochakaa hulowa kama plagi yoyote, na gharama yake hailipi. Nikeli ya kawaida yatosha, mradi iwe halisi na mwanya wake upimwe kabla ya kufungwa, hata ikiwa imetoka dukani siku hiyo.

Na mwenye kuweka elektroniki asilitupe bamba la zamani. Pointi zake zipangwe kwanza juu ya distribyuta ile ile, zijaribiwe kwa mwendo wa kwenda Ruvu na kurudi, kisha bamba lote lifunguliwe pamoja na kondensa yake, lipakwe mafuta kidogo, likunjwe katika karatasi ya nailoni na kuwekwa chini ya kiti, pamoja na bisibisi fupi, karatasi nne za daftari, na kibiriti kikavu. Kazi ya kulirudisha huchukua nusu saa kwa aliyefundishwa.